Mahindi ya Njano ya Mama Ruwaida

Sista Elsie wa zahanati alifika asubuhi kuja kutoa nyuzi. Alinawa mikono kwenye beseni, akaomba dirisha lifunguliwe apate mwanga. Qabale alikuwa amelala chali, dera limekunjwa hadi kifuani, uso ameugeuzia ukutani. Mshono ulianzia chini ya kifua ukateremka mpaka karibu na kitovu. Elsie alikata uzi wa kwanza, akauvuta polepole, na nyuma ya uzi ikatoka punje ya mahindi. Akaiweka kwenye kibakuli pamoja na uzi wake. Uzi wa pili ulitoka na punje kadhaa.

"Ya njano," alisema Elsie.

"Naona," alijibu Qabale, ingawa bado alikuwa anatazama ukuta.

"Yanauma yakitoka?"

"Haiumi, sista."

Elsie alipangusa mshono kwa spiriti, akausifu kwamba umeshika vizuri, akaagiza mahindi yaanikwe mahali pakavu yasipate wadudu. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine, maana asubuhi ile alikuwa na kazi nyingi.

Garsen nzima iliambiwa kwamba Qabale, Mama Ruwaida, alipelekwa Nairobi kwa vidonda vya tumbo. Si kweli. Tumbo lake lilikatwa na kushonwa likabaki ukubwa wa yai la bata, ili asiweze tena kula kama zamani, apungue. Magoti yalikuwa yamechoka kumbeba, na sukari ilikuwa imepanda. Daktari alimweleza hayo bila kumdharau, na kwa kweli hakuna lolote la aibu katika magoti wala katika sukari. Aibu Qabale alitoka nayo nyumbani, akaenda nayo Nairobi, akarudi nayo.

Ilimwingia wakati wa mafuriko ya El Nino. Maji yalipofika mjini watu walijibanza shuleni, na Fondo akaja na mtumbwi kuwahamisha. Watoto wa Mapenzi, jirani yake Qabale, walikuwa wameshaketi ndani. Fondo alimtazama Qabale, akautazama mtumbwi, akasema kwa adabu, "Mama huyu inabidi aende peke yake." Watoto wakateremshwa. Walikuja kuchukuliwa jioni wakiwa wamelowa chapachapa, na yule mdogo akashikwa na kikohozi ambacho hakijamwacha. Hakuna aliyemlaumu Qabale. Mapenzi mwenyewe ndiye aliyemshika mkono asiteleze akiingia.

Baada ya hapo barabara ikakatika, na helikopta zikaleta mahindi ya msaada, yale ya njano. Yaliwekwa kwenye ghala la Mukhtar, mumewe Qabale, kwa sababu ndilo ghala lililobaki kavu. Watu waligawiwa kidogo, wakaambiwa mengine yameoza kwa maji na mengine yamekwama Mombasa. Nyumbani kwa Mukhtar hakuna aliyelala na njaa. Uji ulikuwa wa njano, na ugali ulikuwa wa njano, na Qabale alikula na hakuuliza. Mukhtar alifurahi kumwona akinawiri wakati wengine wanasinyaa. Kila harusi alitaka mkewe akae mbele.

Sasa alikuwa anapona, na kupona huko kulikuwa kazi ya kutwa. Alikunywa uji mwepesi kwa kijiko cha chai: kijiko kimoja, kisha angoje, kisha kingine. Akiharakisha, uji ulimkaba kifuani ukarudi ulikotoka. Chai ya sukari ilimtoa jasho na kumwendesha moyo mbio hata akalala sakafuni. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ngozi ya mikono ililegea, akawa anaificha chini ya shela hata akiwa peke yake. Siku moja alilia kwa kutamani pilau, akalia sana, halafu akaona haya kulilia pilau katika mji ambao watu walikuwa bado wanachimba mizizi ya mayungiyungi wapate kula.

Sokoni walinong'ona kwamba anakonda kwa ule ugonjwa. Qabale aliposikia alipata nafuu kidogo. Aliona afadhali wadhani hivyo kuliko wajue kwamba kuna mtu aliyepanda basi kwenda kupunguzwa tumbo baada ya watu kufunga matumbo kwa kanga wasisikie njaa.

Kisha akaja shangazi yake Tuneya kutoka malishoni na kibuyu cha maziwa, yale ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Ng'ombe wengi wa ukoo walikufa kwa maji na kwa maradhi yaliyofuata, kwa hiyo wajukuu walikuwa wamenyimwa kibuyu kile. Kwao, maziwa ya mgonjwa hayarudi yalikotoka. Aliyeyaleta huketi mpaka kibuyu kiwe kitupu, ndipo aondoke na moyo mweupe.

Qabale alikunywa vijiko vitatu. "Shangazi, mimi nitamaliza baadaye."

"Maliza pole pole, mwanangu. Mimi sina haraka," alisema Tuneya, akaketi.

Aliketi asubuhi yote. Adhuhuri ilipoadhiniwa alitoka kwenda kutawadha, na Qabale akayamwaga maziwa nyuma ya kitanda, akasukuma mkeka juu yake. Tuneya aliporudi alikipindua kibuyu, kikawa hakidondoshi hata tone. Akamshukuru Mungu mpaka machozi yakamlenga. Qabale alitamani ardhi immeze, lakini ardhi ilikuwa inakunywa maziwa.

Kuanzia siku ile mahindi hayakutoka kwenye mshono tu. Yalitoka makwapani, shingoni, mapajani, kila palipokuwa pamenenepa. Yalikuwa makavu, masafi, hayana damu. Alipogeuka usingizini yalimwagika sakafuni, na kuku wakajua kuja mapema. Jinsi yalivyotoka ndivyo alivyopungua. Hata gunia la kwanza lilipojaa, Elsie alilinyanyua ncha kidogo, akasema mwili unakwenda vizuri.

Qabale akamwita Mapenzi. Alikuwa amejipanga kusema yote: ghala, mumewe, uji wa njano, mtumbwi. Mapenzi aliingia na beseni, akachota punje kiganjani, akazisogeza dirishani.

"Mama Ruwaida, haya si ndiyo yale tuliambiwa yamekwama Mombasa?"

"Ni hayo."

"Kumbe yalifika," alisema Mapenzi, akaanza kuchota.

Ghalani yako mengine, Qabale alitaka kumwambia. Yamepangwa mpaka yanagusa dari. "Beseni yako ndogo," alisema badala yake. "Rudi tena kesho."

Mapenzi hakurudi peke yake. Kulipopambazuka wanawake walikuwa wamepanga foleni kuanzia dirishani mpaka kwenye ua wa jirani, na Elsie akaamua wenye mimba watangulie. Waliingia mmoja mmoja, wakamjulia hali, wakamwombea shifaa, wakachota, wakatoka. Mwanamke mmoja alimwomba ageukie upande wa pili, kwa kuwa upande ule ulikuwa umekwisha. Qabale aligeuka.

Mukhtar aliporudi kutoka Malindi aliikuta foleni. Alisimama kando ya kitanda, akaokota punje, akaitafuna.

"Yamekauka sawasawa," alisema. "Lakini watu wasichote ovyo hivi, Mama Ruwaida. Kitu cha watu kinataka utaratibu."

Utaratibu ulifanyika Ijumaa baada ya swala. Turubai ilifungwa, viti vikaazimwa shuleni, chifu akaja na kipaza sauti. Magunia yaliyojazwa na Qabale yalipangwa mbele, na nyuma yake ghala la Mukhtar lilikuwa limefungwa kufuli. Ilitangazwa kwamba kila familia itapata gorogoro moja, lile kopo la kupimia, na yatakayobaki yatahifadhiwa ghalani. Chifu alimsifu Mukhtar kwa moyo wake, watu wakapiga makofi, kisha akasema mama mwenyewe awasalimie wananchi.

Qabale aliinuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuinuka kitini bila kushikwa mkono, na hakuna aliyeiona ila yeye. Dera lilimpwaya. Alimwona Mapenzi amempakata yule mdogo, anakohoa. Akaona kwamba asiposema sasa atayabeba maneno yale mpaka kaburini, na alikuwa amechoka kubeba.

"Hii mahindi ni yenu," alisema. "Ililetwa wakati ya maji, mimi nikakula. Sikuwa na vidonda. Nilienda kukatwa tumbo kwa sababu nilikula. Na iko ingine, nyingi, hapo ndani." Akanyoosha kidole kwenye kufuli. Ngozi ya mkono ilining'inia mbele ya watu wote, akaiacha ining'inie.

Mukhtar alikuwa anatazama viatu vyake. Chifu alikuwa anaipuliza vumbi betri ya kipaza sauti.

"Tunajua, mama," alisema mzee mmoja kwa upole.

"Tunajua," wakaitikia wengine, kama watu wanaoitikia dua. Mapenzi naye aliitikia.

Qabale aliketi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Walijua walipogawiwa kidogo wakaambiwa mengine yameoza. Walijua walipomwambia mashallah harusini, na walijua walipompa pole ya vidonda, na huenda hata Tuneya alijua alipokipindua kibuyu. Aibu aliyoidhani siri yake ilikuwa imeketi hadharani muda wote, na watu walikuwa wakiizunguka kwa heshima. Chifu alimshukuru kwa maneno mazuri, akaomba wenye magorogoro wasogee mbele.

Yaliyobaki yakaingizwa ghalani, na kufuli likarudishwa.

Mahindi yalikoma kutoka wiki iliyofuata. Elsie alimpapasa tumbo, akamwambia amepona, aanze kula vitu laini na asisahau kutembeatembea. Qabale alikuwa na shingo ya msichana na hakujua aifanyie nini.

Asubuhi moja Mapenzi alikuja na kikombe cha uji, wa njano, wa ile gorogoro yake. Alikifunika kwa sahani uji usipoe.

"Watoto wanauliza kama bado una mengine."

"Imekwisha, Mapenzi."

Nje lori lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka kwenye mlango wa ghala, na wapakizi wanaitana. Mapenzi alisikiliza kidogo. Kisha akamtazama Qabale mikono, akamtazama kifua na mapaja, bila ubaya wowote, kama mtu anayekagua shamba baada ya mavuno.

"Basi unenepe tena, dada," alisema. "Sisi tutangoja."

Akaketi kwenye kigoda kungoja kikombe chake. Qabale alichota kijiko kimoja, akameza, akangoja kama alivyofundishwa, akachota kingine.