Gari Lililobinua Mkia

Cyrus alikuwa mlinzi, lakini ukimvua ile yunifomu ya buluu ungemkuta fundi magari mzima mzima, tena fundi anayejua kwamba anajua. Miaka mitatu alikuwa amekalia kiti cha plastiki kwenye lango la ghala moja la Al Quoz, Dubai, akiandika namba za magari yanayoingia na kutoka. Kila moja alilisikiliza, kisha akamwambia Amour, hata bila kuulizwa, lina ugonjwa gani. Amour alikuwa mtunza ghala, Mzanzibari wa makamo asiyependa maneno mengi kabla ya chai.

"Wewe linda lango," humwambia. "Maradhi ya magari waachie wenyewe."

Mwaka huo wa 2014 ghala lilikodiwa na makumbusho binafsi yaliyokuwa yakijiandaa kufunguliwa. Madam Arwa, aliyekusanya vitu vya maonyesho, alitaka gari moja tu la kuweka ukumbini: gari la wale Wamarekani waliosafirisha pombe kwa magendo wakati serikali yao ilipoipiga marufuku, miaka ya 1920 huko. Alilitafuta karibu mwaka mzima, akaishia kuletewa mawili. Moja lingebaki Dubai, jingine lingerudi melini.

La kwanza lilikuwa jeusi, linang'aa, na mlangoni lina matundu saba ya risasi. Kila aliyeingia ghalani alipiga nalo picha. La pili lilikuwa na rangi ya vumbi, halina tundu hata moja, na nyuma limebinuka kama bata anayetafuta kitu matopeni.

Cyrus alilizunguka lile jeusi mara moja tu, akacheka. "Risasi gani hizi zilizotoboa mlango kisha zikaomba radhi zisiguse kiti?"

"Viti vimeshonwa upya," Raed alimjibu. Raed ndiye aliyekuwa injinia wa makumbusho, kijana msomi, mwenye haraka. Lile la vumbi hakulipenda. Alisema mtu fulani aliliongezea vyuma vya springi nyuma kwa ujinga, ndiyo maana limekaa vibaya, na kwamba siku Madam atakapokuja kuchagua ataving'oa ili likae sawa. Angalau lilinganishwe kwa haki.

Cyrus aliposikia hivyo, aliinama akavitazama tena vile vyuma.

Gari la magendo halitengenezwi likae sawa likiwa tupu. Hutengenezwa likae sawa likiwa limeshiba. Askari wa kizuizi cha barabarani hashughuliki na sura ya dereva, hutazama mkia: ukilala, gari limebeba. Basi fundi huongeza vyuma nyuma mpaka gari tupu libinuke, na likipakiwa hutulia likaonekana kama linampeleka bibi kanisani. Raed alitaka kung'oa ushahidi wenyewe, tena kwa nia njema.

Tatizo ni namna Cyrus alivyoyajua hayo. Kabla ya Dubai alikuwa na gereji yake Molo, Kenya, na kwenye gereji hiyo alizitengeneza gari za Pijo za kubebea chang'aa, pombe haramu ya kienyeji. Alijivunia sana, kwa sababu hakuna hata moja iliyokamatwa. Kisha Nick, fundi aliyemfundisha kazi, akaamka asubuhi moja kipofu, hata mkewe aliye kando yake hamwoni. Chang'aa aliyokunywa ilikuwa imetiwa sumu, na ilifika mjini ndani ya Pijo ambayo Cyrus mwenyewe aliiinua mkia. Siku hiyo alizing'oa springi zile kwa mikono yake, akafunga gereji. Aliona aibu, na bado aliiona. Alipoomba hati ya mwenendo mwema alipewa safi kabisa, akaja nayo huku kulinda lango. Na mlinzi aliyewahi kuwa fundi wa magendo, habari zikitoka, safari yake ni ya uwanja wa ndege.

Siku ya kuchagua, Madam Arwa alifika saa nne asubuhi. Jeki ilikuwa tayari chini ya mkia wa gari la vumbi. Cyrus akaliacha lango, jambo ambalo peke yake lilitosha kumwachisha kazi.

"Sir, tafadhali usifungue hiyo."

"Rudi langoni. Yalla," Raed akasema bila kugeuka.

Cyrus akamgeukia Amour, akapaza sauti kwa Kiswahili, maana madam na injinia wataelewa nini? "Mzee Amour, huyu jamaa anaua ushahidi! Hiyo ndiyo gari yenyewe. Naijua vile naijua Pijo yangu ya chang'aa!"

Amour akakohoa, akamkanyaga mguu. Maji yalikuwa yameshamwagika.

"Chang'aa ndiyo kitu gani?" akauliza Madam Arwa, kwa Kiswahili laini cha Unguja.

Cyrus akamtazama Amour.

"Mamaake kazaliwa Mkunazini," Amour akanong'ona. "Hukuniuliza."

Cyrus angeweza kusema ni aina ya rangi. Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini Raed alikuwa anaipandisha jeki, na Cyrus hakuweza kusimama pale akitazama kazi ya fundi mwenzake, marehemu wa ng'ambo asiyemjua hata jina, ikiharibiwa. Akasema yote: Molo, Pijo, askari, Nick.

Madam alimsikiliza hadi mwisho, uso haumwelezi chochote. "Simama, Raed," akasema. Kisha kwa Cyrus, "Maneno n'shayasikia. Hebu n'oneshe."

"Nipe maji, madam."

Kulikuwa na katoni za maji ya kunywa ukutani. Wakateremsha jeki, wakalipakia gari la vumbi, katoni baada ya katoni. Kwenye ya kumi mkia ulianza kushuka. Kwenye ya ishirini na tano gari lilikuwa limekaa sawa, limenyooka, limetulia kabisa, limemeza karibu kilo mia nne na halisemi. Wakazihamishia katoni zizo hizo kwenye lile jeusi. Kwenye ya kumi na tano lilikuwa limekalia matako, pua juu, na hata mtoto angejua limebeba nini.

Raed akaizunguka mikia yote miwili. "Wallah," akasema.

"Cyrus," Madam akaita. "Ile hati yako ya mwenendo mwema ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, madam. Inasema sikuwahi kukamatwa." Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, akaongeza, "Springi zangu zilikuwa nzuri."

Amour alifumba macho. Madam hakucheka.

"Na huyo Nick?"

"Mpaka leo haoni."

Madam akaugusa mkia wa gari la vumbi. "Watu watakuja hapa kupiga picha na kuchekelea. Nataka kibao kiseme lilijengwa vipi, na likibeba nini, na kilichowapata waliokunywa. Utaandika na mie. Vyuma hivyo avioneshe anayevijua, na ruhusa yako n'taizungumza na kampuni yenu ya ulinzi."

Raed akachuchumaa, akawasha tochi. "Kipi kilichoongezwa?" akauliza kwa upole. "Nionyeshe."

Cyrus alivua kofia ya ulinzi, akamvika Amour kichwani.

"Mzee, linda lango," akamwambia, kisha akalala chali, akaingia chini ya gari.