Kipepeo wa Tuta la Chokaa

Kaunti ya Middlesex ilifutwa kwenye ramani tangu miaka ya sitini, London ikaimeza yote bila hata kutafuna. Muulize dereva wa basi leo Middlesex iko wapi, atakuelekeza chuo kikuu. Lakini wapo watu wachache ambao hawajakubali habari hizo mpaka leo, nao ni watu wa mimea na vipepeo. Kwao mipaka iko pale pale walipoiacha waliowatangulia. Ukiokota ua adimu hatua moja nje ya mpaka huo, watakupongeza kwa adabu na kukuambia uwapelekee wa kaunti jirani.

Firoz Lakhani alikuwa mmoja wao, na kwa ukaidi aliwashinda wengi. Alizaliwa Kisumu, akaja Kenton, kaskazini-magharibi mwa London, angali kijana, akafungua duka la miwani, akalea watoto wawili waliohamia Kanada, akamzika mkewe. Miaka yote hiyo, kila Jumapili yenye jua, alikuwa vichakani. Alipostaafu, chama cha watu hao kilimfanya mtunza rekodi za vipepeo wa kaunti nzima. Sasa alikuwa akikiandikia chama kitabu: historia ya watu waliochunguza maua mwitu na vipepeo wa Middlesex, tangu enzi za makasisi na farasi mpaka zama hizi za simu.

Ukiisoma vizuri, ilikuwa historia ya mauaji. Kasisi akiona kipepeo asiyemjua alimshukuru Muumba, kisha akamchoma pini. Daktari alijaza kabati, mwanawe akarithi kabati na wavu. Na kadiri aina fulani ilivyopungua, ndivyo walivyozidi kuikimbilia, maana kabatini kinatakiwa kile ambacho jirani hana. Firoz aliwaheshimu watu hao kwa elimu yao na akawachukia kwa mikono yao, na siku nyingine alishindwa kula kwa hasira juu ya mtu aliyekufa miaka mia iliyopita. Mja hana jema, lakini hawa nao walizidi.

Basi yeye alikuwa na siri.

Nyuma ya uwanja wa zamani wa reli, mwendo mfupi kutoka kituo kimoja cha basi, palikuwa na tuta la chokaa. Wajenzi wa reli walikuwa wamelimwaga hapo na kulisahau. Juu yake uliota mmea mfupi wa maua ya njano, wa jamii ya kunde, na kwenye maua hayo aliishi kipepeo mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, wa rangi ya majivu yenye vumbi la buluu. Vitabu vyote vilisema ametoweka Middlesex tangu zamani. Vitabu vilikuwa vimekosea. Kila Mei aliruka pale, na kiwavi wake hakula kitu kingine chochote ila ua lile la njano.

Aliyemwonyesha ni Miss Pask, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu mwenye kikohozi. Wakati huo Firoz alikuwa Mhindi pekee katika chama kile. Kwenye mikutano watu walimsogezea chai kwa tabasamu na kuzungumza na wengine. Miss Pask ndiye aliyemshika mkono siku moja, akampandisha lile tuta, akamwambia amtazame kipepeo, kisha akamwapisha. Asimwambie mtu yeyote. Asiandike popote. Alikuwa amewahi kuonyesha watu mahali pengine kama hapo, nao walirudi na nyavu mpaka hapakubaki kitu. "Nimewafikiria wote katika chama," alimwambia, "na nimekuchagua wewe."

Nani angevunja kiapo kama hicho? Kijana aliyefika London na koti la kuazima, anachaguliwa mbele ya wenyeji wote! Miss Pask alikufa, na Firoz akabaki na lile tuta peke yake, akilipenda jinsi mtu anavyoipenda nyumba yake. Hakumpiga kipepeo yule picha hata moja, kwa sababu alisikia kwamba simu huandika mahali picha ilipopigwa. Hata Margaret hakuambiwa.

Margaret Kerubo alikuwa nesi wa Edmonton, kaskazini mwa London, Mkisii, mama wa watoto wawili waliosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Aliingia chamani kwa ajili ya mimea, maana marehemu nyanya yake alikuwa mganga wa majani, na kamati ikamfanya katibu kwa kuwa ndiye pekee aliyejibu barua pepe. Yeye na Firoz walizungumza Kiswahili mbele ya wanachama wengine bila haya, na mara nyingi walikuwa wakiwasengenya hao hao. Alimtania Firoz kwamba ana mke wa pili aliyemficha mahali, kwa sababu kila Mei Mzee, kama alivyomwita, alipotea siku kadhaa na kurudi akiwa na uso wa bwana harusi.

"Nitakupeleka," Firoz alimjibu kila mwaka. "Mei ijayo."

Oktoba iliyopita, ikaja barua pepe. Aliyeiandika aliitwa Natasha, mchunguzi wa mazingira aliyeajiriwa na kampuni iliyotaka kujenga nyumba kwenye ule uwanja wa reli. Alisema ameona mabua makavu ya mmea fulani juu ya tuta, na ameshuku huenda kuna kipepeo anayeutegemea. Lakini msimu ulikuwa umepita, na kipepeo haonekani Oktoba. Je, mtunza rekodi wa kaunti ana habari zozote za vipepeo wa mahali hapo?

Margaret aliileta mwenyewe Kenton, maana alijua Mzee hasomi barua zake. Waliketi jikoni, chai ya maziwa ikiwa mezani. Firoz alisoma mara moja tu, akaiweka simu ya Margaret kifudifudi.

"Mwambie hakuna."

Margaret alimtazama. Kazi yake ilikuwa kutazama nyuso za watu wanaosema hawaumwi. "Mzee, kuna kitu hapo. Si ndiyo?"

"Sijasema kuna kitu."

"Haya. Lakini huyu msichana anauliza vizuri. Ameona plant, season imeisha, anataka tu recorder amwambie yes ama no."

"Ameajiriwa na nani? Si hao hao wa kujenga? Report yao itawekwa online, Margaret. Kila mtu atasoma. Kabla ya June watakuwa wamefika na nets."

"Nets gani Mzee? Siku hizi nani anashika butterfly?"

"Wapo. Wewe huwajui. Mimi naandika kitabu chao." Alikuwa amepandwa na hasira. "Nimeiona plan. Nyumba zote ziko upande ule mwingine. Kwa hilo tuta hakuna hata nyumba moja. Tukinyamaza, watapita tu, kama vile wamepita miaka yote."

Margaret alikizungusha kikombe chake. Kumkosoa mtu wa umri wa baba yake hakukuwa jambo jepesi kwake, akalitafutia njia. "Mzee, mimi niko ward ya wazee. Wanakuja wakiwa wamechelewa, uvimbe wameufunika na sweta tangu mwaka jana. Nyumbani tunasema, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Haya si maradhi."

"Basi niambie mimi tu. Nijue unaficha nini."

Aliona midomo ya Mzee ikifunguka. Laiti ile siri ingetoka! Firoz mwenyewe alihisi neno limefika kwenye meno. Lakini alimwona Miss Pask akikohoa juu ya tuta, akasikia tena kwamba amechaguliwa yeye, si mwingine, na neno likarudi lilikotoka. Akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja: hakuna rekodi ya maana mahali hapo. Akatuma. Kisha akamwongezea mgeni wake chai, na moyoni akajisifu kwamba ametunza amana.

Majira ya baridi yaliingia. Siku moja ya Februari, manyunyu yakianguka, Firoz alipanda basi kwenda kutazama tu, jinsi mtu anavyopita karibu na nyumba ya jamaa bila kubisha hodi. Kabla hajafika alisikia injini.

Tuta halikuwapo. Tingatinga lilikuwa limelichota na kulisawazisha, na malori yalikuwa yakimwaga juu yake kifusi cha matofali na lami kutoka upande wa nyumba. Chokaa ilichungulia hapa na pale kati ya uchafu. Firoz alipita uzio uliokuwa wazi, akapiga magoti kwenye tope. Viwavi wa kipepeo yule hulala ardhini majira yote ya baridi, chini kidogo tu ya udongo, kila mmoja kama punje ya mchele. Alichimbua kwa vidole mpaka kucha zikavuja damu. Mfanyakazi mmoja alimpigia kelele atoke.

Aliyekuja kumwinua alikuwa msichana mwenye kofia ngumu na buti. Alimwuliza kama ni mgonjwa, kama amepotea, ampigie nani simu. Firoz akataja jina lake. Msichana akamwachia mkono.

"Mimi ndiye Natasha," alisema. "Nilikuandikia."

"Walikuwapo," Firoz alisema. "Hapa. Miaka yote."

Natasha alitazama kifusi, akamtazama yeye, na uso wake ukabadilika polepole kadiri alivyoelewa. Alikuwa na umri wa wajukuu zake. "Ile lami kule," alisema, akionyesha uwanja mtupu upande wa pili wa barabara. "Kifusi kingewekwa kule. Niliwaambia wachague kule, wakasema ni mbali, wakaniuliza nina ushahidi gani. Neno lako moja tu lingetosha. Mahali pasipo na kitu ndipo wanapomwaga." Kisha akauliza, bila ukali wowote, kama mtoto anayetaka kujua: "Kwa nini uliniambia hakuna?"

Firoz alitazama tope na damu kwenye vidole vyake. Nyavu alizoziogopa hazikuja. Hakuna mwizi aliyekuja. Wale wote aliowachukia usiku na mchana katika kitabu chake walikuwa wamelala makaburini mwao, na tuta limekwisha.

Alimwambia Margaret yote jioni ile, akilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata alipomzika mkewe. Margaret hakumwambia, "Nilikuambia." Alimwosha vidole kwa maji ya vuguvugu na chumvi, akavifunga bandeji, akamkalisha.

Mei ilipofika walikwenda pamoja, hatimaye. Kwa siku nne za jua walisimama kando ya uzio. Margaret alipata miche mitatu ya ule mmea pembeni, imetoa maua ya njano yenye afya kabisa. Hakuna kilichotua juu yake ila nzi.

Hapo Firoz akataka jambo moja tu. Kitabu kilikuwa karibu kwenda kwa mchapaji, na alitaka iandikwe humo kwamba kipepeo yule aliishi Middlesex mpaka mwaka huu, na kwamba aliyemwua ni yeye, Firoz Lakhani, kwa kunyamaza. Hakuogopa aibu. Aliitamani, kama mtu anavyotamani kulipa. Akaandika maelezo yote, tuta na mmea na jinsi walivyoruka, akayapeleka kwa kamati, maana bila kibali chake hakuna rekodi iliyoingia kitabuni.

Yakarudi na Margaret, naye hakutaka chai.

"Kamati imekataa," alisema. "Picha hakuna. Specimen hakuna. Na Miss Pask hakuandika mahali popote. Wamesema lazima awepo mtu wa pili aliyemwona."

Firoz aliijua kanuni hiyo. Alikuwa ameitumia kwa mkono wake mwenyewe dhidi ya wastaafu waliojaa furaha, dhidi ya watoto wa shule, dhidi ya mwanachama mmoja aliyeacha kuja mikutanoni kwa uchungu. Asiye na shahidi hana rekodi.

"Natasha je?"

"Natasha aliona mabua tu, Mzee. Hakuona kipepeo."

Firoz aliinama juu ya meza. Alipoinua kichwa alikuwa amezeeka. "Margaret, mwanangu," alisema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Wewe ulikuwa na mimi kila mahali. Sema ulimwona. Mwaka wowote. Watakuamini wewe. Sitaki kitu kwa ajili yangu. Lakini aliishi, Margaret. Aliishi hapa miaka yote hiyo wakisema amekufa. Sasa hata kufa kwake hakutaandikwa?"

Margaret aliifunika mikono ya Mzee kwa mikono yake. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Mzee, ningekuapia mbele ya Mungu," alisema. "Kila Mei nilikuomba. Kila Mei. Ungenionyesha hata mara moja, leo ningekuwa na kitu cha kusema."

Mtaani jirani alikuwa akiegesha gari, mbele, nyuma, mbele tena, asipate nafasi. Firoz alingoja mpaka akamaliza.

"Basi andika hakuwapo," alisema.

Margaret akatoa kalamu, akaandika.