Zamu Yangu ya Kulea

Baba alipofika kijiji cha Daudi, kwa bibi, kumchukua mama, nilijua shule yangu imekwisha.

Enzi zile za Mwingereza hatukuwa na dawa ya kupanga uzazi. Dawa ya mama ilikuwa kukimbilia kwa bibi. Akijifungua anarudi kwao, na mume hamgusi mpaka mtoto atembee, asije akabemendwa na kudhoofu. Mtoto akishatembea tu, mama anarudi Getanuwas kwa baba, na mimba inafuata. Na kila mimba ilitaka mlezi wa mtoto aliyetangulia. Mara ya mwisho alikuwa dada yangu Scolastica: alitolewa darasa la kwanza ambebe mdogo wetu Julius, na mpaka siku ile alikuwa hajui kuandika jina lake. Sasa zamu ilikuwa yangu mimi Tekla, wa darasa la pili, niliyekuwa nawashinda wavulana wote. Nilikuwa na hasira, jamani!

Baba alimpa bibi shikamoo kwa heshima zote, akakaa. Nyuma yake alisimama Scolastica, aliyeletwa kubeba mizigo ya mama. Baba alisema amesikia mdogo wetu Ignasi ameshatembea. Bibi akamjibu kavu kwamba watu wa njiani wana maneno mengi. Uongo mtupu! Ignasi alikuwa anatembea tangu juzi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga mgongoni kila akipita mgeni.

"Mshushe chini," baba aliniambia. "Nimwone mwenyewe."

Ningefanyaje? Nilimshusha, nikamshikisha kigoda cha bibi. Mama alikuwa anapepeta mtama, akaacha. Ignasi alimwangalia baba, hakumjua hata kidogo. Akamwona Scolastica, akacheka. Akaachia mkono mmoja. Akaachia na wa pili, akainua mguu.

Scolastica alimfikia kwa hatua moja, akamnyakua kabla mguu haujagusa chini.

"Angeanguka huyu," alisema. "Bado, baba. Mimi nimelea, najua."

Baba alimkazia macho. Dada hakutikisika. Mwishowe baba akachukua fimbo yake, akasema atarudi baada ya mavuno.

Scolastica alinifunga Ignasi mgongoni, vizuri kuliko nilivyozoea kujifunga mwenyewe. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama jina lake ni refu kuliandika. Nikamwambia ni refu.

"Basi soma," alisema, "uje unifundishe."

Akamfuata baba, mikono mitupu.