Meli Inayoshuka

Kwenye Mto Missouri hakuna muuza kuni mwenye akili zake anayeifukuzia meli ya moshi inayoshuka. Meli ya kuipata ni ile inayopanda: unafunga mashua yako ubavuni mwake, inakuvuta huku ukipakua kuni, na ikishakuachia, mkondo unakurudisha nyumbani umelala chali. Inayoshuka inakwenda kukutupa mbali huko chini, kisha urudi kwa kupiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, kushindana na maji, mpaka mgongo ukudai talaka.

Obadia Tackett aliyajua hayo yote, na bado asubuhi hiyo aliifukuzia meli inayoshuka.

"Umerogwa?" aliuliza mzee Prewitt, mwenzake wa kukata kuni. "Hii inashuka, wewe! Nani atatusukuma kurudi? Mama yako?"

"Piga pondo, mzee. Nataka Keziah apande."

Keziah, mkewe, alikuwa amejikunyata kati ya kuni, blanketi hadi puani. Homa ya bondeni ilikuwa imemtafuna kiangazi kizima. Sasa majani yalikuwa yakipukutika, na mto ukishaganda hakipiti chombo. Huko chini, St. Louis, dada yake alikuwa na nyumba ya matofali na jiko lisilozimika. Kibanda chao wenyewe kilipitisha upepo kila upande. Obadia aliona wazi kwamba mkewe hatauvuka msimu wa baridi mle ndani.

Wakaifikia meli, wakafunga kamba. Hapo ndipo Obadia alipokosea, tena kwa mazoea tu: mikono ilianza kurusha kuni kabla mdomo haujasema neno. Siku zote walifanya hivyo, kuni kwanza, maneno baadaye. Mashua ilipobaki tupu ndipo akamwinua mkewe.

Nahodha aliuona ule uso wa manjano, akarudi nyuma. "Huyo simpandishi. Kipindupindu kimeshaniulia abiria mwaka huu."

"Si kipindupindu, nahodha. Ni homa ya kutetemeka, huku kwetu kila mtu anayo."

"Basi akatetemekee huko kwenu. Mlipeni, mkate kamba!"

Meli ikaenda zake, ikitoa moshi wa kuni zao. Obadia alijichukia. Angezishikilia kuni zile, nahodha angemsikiliza. Aliinua pondo, akalididimiza kwenye matope, akasukuma. Mashua haikusogea hata shubiri. Mikono ilikuwa imekwisha nguvu.

"Nisamehe, Keziah," alisema, machozi yakimtoka.

"Maji yanakwenda wapi?" Keziah aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chini. St. Louis."

"Sasa mnasukuma kwenda juu ili iweje?"

Obadia alimtazama Prewitt, maana mzee naye alikuwa na kibanda huko juu.

"Na nguruwe wangu?" alifoka Prewitt. "Nani atawapa chakula? Mashua haina paa, haina moto, na huyu mgonjwa! Mna wazimu nyote wawili."

Mzee alikohoa, akatemea mate mtoni. Kisha akalilaza pondo lake sakafuni, akavua koti, akamfunika Keziah.

"Watajitafutia, mashetani wale," alisema. "Sogea kidogo, binti, nikukinge upepo."

Obadia alichomoa pondo lake kwenye matope. Mashua ikageuka taratibu, ikafuata maji. Alishika usukani, akaomba barafu ichelewe.