Mkono Mrefu wa Kushoto

Fundi cherehani alisukuma mlango kwa goti, gazeti kwapani, kikombe cha chai mkononi. Bintiye, kitindamimba, alikuwa amelala akitazama ukuta. Ijumaa filamu yake ya kwanza ilionyeshwa: mji wa miaka mia ijayo, serikali inayouza hewa, askari wanaowapima watu pumzi, na ngumi zisizokwisha. Leo mhakiki wa gazeti alikuwa amesema yake.

"Amka. Saa tisa waigizaji wako wanakuja kusikia sehemu ya pili."

"Hawaji. Nimeandika ujumbe kwamba naacha. Bado kuutuma tu."

"Basi usitume kwanza. Mimi mteja akinirudishia nguo, siitupi wala sigombani naye. Naitandaza mezani, natia chaki panapombana."

Akakaa kitandani, akavaa miwani, akatoa chaki mfukoni. Alisoma bila huruma.

"'Adui ana sura ya kutisha na maneno ya karani wa stoo.' Kweli si kweli?"

"Mama!"

"Nimeuliza."

"Kweli."

Chaki.

"'Shujaa anapigwa risasi tatu, nywele hazivurugiki.' Hilo hata sikuulizi." Chaki. "'Lakini sare za askari ni kipaji kitupu. Mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia: mkono wa dola, unaofika hadi kifuani mwa raia.'"

Binti akageuka, macho mekundu. "Umeona? Kitu kimoja alichopenda, ni chako. Mimi sina hata kimoja."

Mama akavua miwani. Sasa palimbana yeye.

"Si kipaji, mwanangu. Nilikosea. Nilikata sare ishirini kwa mpigo, kumbe karatasi ya kukatia mkono wa kushoto ilikuwa ya koti la baba yako."

Baba mwenyewe alikuwa mrefu kama mlingoti.

"Uliniapia ndiyo mitindo ya kesho!"

"Ulitaka niseme nini? Kitambaa kikishakatwa ni maji yaliyomwagika."

Binti akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mhakiki mwenyewe hajui kitu!"

"Taratibu. Kapotea kwenye mikono, hajapotea kwenye ngumi. Ngumi ni nyingi mno. Mimi mama yako, ninayekupenda hata ukikoroma, nililala."

Hilo lilimchoma kuliko gazeti zima. Akainuka akaketi.

"Ulilala? Kwenye filamu yangu?"

"Usingizi wa pono."

"Wapi?"

"Pale darajani. Nikaamka, bado mko darajani."

Midomo ilimcheza binti. Kisha akachukua simu, akaufuta ule ujumbe, akavuta daftari chini ya mto.

"Ulipoamka, nani alikuwa anampiga nani?"

"Nitajuaje? Wote walijaa vumbi."

"Haya. Sehemu ya pili ina daraja jingine. Nalikata nusu."

"Kata zaidi ya nusu," mama akasema, akimsogezea kikombe. "Na chai unywe, inapoa."