Mama Twende Hamsubiri Mtu

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni mtu wa kuudhi. Nalisema mapema ili nitakapoanza kumsifu msidhani amenilisha kitu. Yeye ndiye nahodha wa boti yetu ndogo ya abiria. Mimi ndiye ninayefunga na kufungua kamba, ninayepokea tiketi na ninayetukanwa na waliochelewa. Nyumbani namtania nitakavyo, kaka akiwa jikoni anakaanga vitunguu na kucheka. Botini akisema "Fungua," nafungua.

Mji wetu umekatwa na mkono wa maji. Upande mmoja watu wanalala, upande wa pili wanafanya kazi, na katikati kuna daraja moja ambalo kila asubuhi hujaa magari hadi madereva wanashuka kupiga soga. Sisi tunavuka chai yako ikiwa bado ya moto. Boti yenyewe ni pana na bapa, ina mabenchi ya mbao na paa la turubai, na abiria wameibandika jina la Kiatu. Nahodha naye wamembandika lake: Mama Twende.

Jina hilo amelitafuta mwenyewe. Tulipoanza, tulikuwa tukiondoka na mabenchi matupu, na mimi niliyezoea vyombo vinavyosubiri hadi vijae nilikuwa nahesabu hasara tu.

"Shemeji, wasubiri basi wale wawili, si unawaona wanakuja?"

"Wakijua nitawasubiri, kesho watachelewa zaidi. Wakijua sisubiri, watawahi."

"Watawahi kwingine."

"Fungua, shemeji."

Basi nikawa nafungua huku nimenuna. Lakini watu wakaanza kuwahi, jamani. Akaja fundi cherehani na furushi lake, akaja nesi, wakaja wahasibu wenye viatu vya kung'aa, na baada ya miezi michache hata benchi la nyuma, lile linalorushiwa maji, likawa linagombewa. Mwenye duka la jirani na gati alisema hana haja ya saa ya ukutani, anafungua mlango kwa honi yetu. Mimi nilikuwa najivuna kana kwamba wazo lilikuwa langu.

Ila kibali chetu cha kutumia magati ya mji kilikuwa cha majaribio tu, na kilikuwa kinakwisha. Kamati ya usafiri ilitoa taarifa kwamba itakuja kupanda boti asubuhi, kisha iamue. Wakikataa, boti inarudi kwa mwenyewe aliyetukodisha, shemeji anarudi kuzungusha walevi wa wikendi majini, na mimi narudi kukaa kibarazani. Mwenyekiti wa kamati hakuwa upande wetu. Alishasema mbele za watu kwamba boti ni mchezo wa Jumapili. Mfanyakazi hawezi kukabidhi kazi yake kwa chombo kinachoondoka nahodha akijisikia.

Siku ilipofika, wajumbe wawili waliwahi: mama mmoja mhandisi na kijana wa mipango miji. Mwenyekiti hakuonekana. Saa ya kuondoka ikafika, na hapo ndipo nikaliona gari lake kule juu barabarani. Akashuka, simu sikioni, akateremka kama mtu anayetembea uani kwake. Shemeji alimwona. Najua, kwa sababu alipiga honi ndefu kuliko kawaida. Mheshimiwa akainua kiganja, kile kiganja cha kusema ngojeni.

"Shemeji, fungua."

"Nahodha, yule ndiye mwenyekiti."

"Namwona. Fungua."

"Unajitia kitanzi! Na mimi unanitia!"

Mhandisi anaangalia maji. Nesi ndiye aliyenigusa bega. "Kaka, fungua tu. Kuna mwenzangu amekesha wodini, haondoki mpaka nifike."

Nikafungua, nikiilaani kimoyomoyo siku kaka yangu alipokwenda kuposa. Mwenyekiti tukamwacha amesimama gatini, simu bado mkononi.

"Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako," akasema fundi cherehani, watu wakaangua kicheko. Mimi meno yalikuwa yamenishikana kwa hasira.

Tukavuka, tukashusha, tukarudi. Wajumbe wawili hawakushuka. Mwenyekiti tulimkuta palepale, koti kwenye mkono, jasho shingoni, yuko ndani ya foleni ya abiria. Akapanda bila salamu, akakaa benchi la mbele. Saa ilipofika tukaondoka. Katikati ya maji akasimama, akashika nguzo ya paa.

"Nahodha, ulinitambua?"

"Nilikutambua, mheshimiwa."

"Na ukaondoka."

"Humu ndani walikuwamo waliowahi."

"Dakika moja tu ungepungukiwa nini?"

"Leo ya kwako, kesho ya mwingine," akasema shemeji, macho mbele. "Mwishowe hawa wangerudi darajani."

Mwenyekiti akajifuta jasho la shingoni. Nilishaanza kuliona lile baraza letu na mkeka wake.

"Nilitaka kupiga simu nikufungie kila kitu," akasema hatimaye. "Nikawauliza wale waliopanga foleni, hii boti inaondoka lini? Nilitegemea waniambie ikijaa. Hakuna aliyesema hivyo. Kila niliyemuuliza alinitajia saa, na wote saa ileile." Akamgeukia mhandisi. "Mimi napendekeza wapewe kibali cha kudumu. Ila iandikwe kwamba sijafurahi."

Mhandisi alicheka hadi akafuta macho. Watu wakapiga makofi, fundi cherehani akapiga benchi, na mimi nikapiga kelele nisizojua ni za maneno gani. Shemeji hakugeuka. Aliileta Kiatu gatini polepole, ikagusa bila kishindo kama kawaida yake, akawaaga abiria mmoja mmoja, mwenyekiti naye vilevile kama wengine.

Boti ilipobaki tupu nikaenda kwenye usukani nikiwa na utani wa wiki nzima. Nilitaka kumwambia kwamba mwanamke asiyeogopa kitu ni hatari kuolewa, na kwamba kaka nampa pole.

Alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "nipe mkono. Magoti yamegoma tangu tulipomwacha."

Ule utani nikauacha. Sijapata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye saa ile. Nikampa mkono, akausimamia, na juu gatini abiria wa kurudi walikuwa wameshaanza kujipanga.