Mkanda Juu ya Blanketi

Kelele za Evaldo Quintão zilianza kabla ndege haijaondoka São Paulo. Kahawa ilikuwa maji ya kuoshea vikombe, mto ulikuwa mgumu, pajama walizompa zilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye njaa. Mtu akishalima kahawa miaka arobaini kwenye vilima vya Minas, haki ya kuitukana kahawa ya wenzake anajipa mwenyewe, na nani atambishia? Usiku ule daraja la kwanza lilikuwa na abiria watatu tu, kila mmoja na kijichumba chake chenye kitanda na kilango cha kusukuma. Wahudumu walikuwa wawili: Ivonete, aliyekula miaka ishirini na miwili angani, na Jaciara, aliyekuwa na wiki ya tatu tu tangu ahamishiwe huku mbele.

"Wewe binti ni mgeni," Evaldo alimwambia Jaciara alipokuwa akimtandikia.

"Mgeni huku mbele, Bwana Evaldo. Kule nyuma nimekaa miaka minne."

"Kule nyuma watu wanalala wameketi, shingo ndiyo inayowaamsha. Huku tunalipia usingizi. Nikishalala sitaki chai, sitaki mikate ya jibini, sitaki habari za asubuhi. Usiniamshe."

"Ila kabla ya kutua Paris, kiti lazima kinyooke. Dakika arobaini kabla."

"Basi arobaini. Si arobaini na moja."

Jaciara alicheka akidhani ni utani. Evaldo alimtazama mpaka kicheko kikaisha.

Sasa ukweli wenyewe, ambao hata mkewe Dalva hakuwahi kuambiwa: mzee huyu alikuwa anaogopa ndege. Anaogopa hasa, mpaka viganja vinalowa. Ukali wote ule ulikuwa woga uliovalishwa koti. Dawa yake ilikuwa kidonge cha usingizi na glasi mbili za mvinyo, azimike juu ya Brazili, azindukie Ulaya. Miaka miwili nyuma mhudumu mmoja, Rosilda, alimwamsha katikati ya dhoruba kwa sababu mkanda wake ulikuwa chini ya blanketi na mhudumu alitakiwa auone. Evaldo alizinduka ndege inaporomoka, akapiga yowe la mtoto mdogo, na chumba kizima kikasikia. Aibu ile hakuimeza. Aliandika barua ya kurasa tatu, na Rosilda akapoteza kazi.

Tangu siku hiyo alijifunza jambo wanalolijua wazoefu wa daraja la kwanza. Funga mkanda juu ya blanketi, kifungo kionekane, na hakuna atakayekugusa hata mbingu zikipasuka. Mhudumu huchungulia kwa juu ya ukuta wa kijichumba, tochi kaiziba kwa kiganja, mwanga kidogo tu unaangukia tumboni. Usoni kwa mteja tochi haipigwi, ni mwiko. Akiona kifungo, anapita.

Saa tano usiku Evaldo alimeza kidonge, akalala ubavu wa kushoto akielekea mlangoni, akafunga mkanda juu ya blanketi, akawasha taa nyekundu ya kutosumbuliwa. Ndege ilikuwa imeshaiacha miji nyuma na inakata kaskazini kufuata pwani.

Alizinduka saa saba. Alidhani kiu ndiyo iliyomwamsha. Akataka kunyoosha mkono wa kulia achukue maji, mkono haukuja. Akaungoja kidogo, kama unavyomngoja mtu mvivu, kisha akauamrisha tena. Wapi! Mguu nao vilevile. Upande wote wa kulia ulikuwa pale kitandani lakini haukuwa wake tena. Mate yalikuwa yanamtiririka kwenye mto na hakuweza kufumba mdomo.

Alijua papo hapo ni nini. Baba yake, mzee Olímpio, alipigwa na kiharusi barazani mchana kweupe, wakadhani amesinzia, wakamwacha hadi jioni. Daktari wa mjini alisema neno moja ambalo Evaldo hakulisahau: mngemleta mapema. Mzee aliishi miaka sita baadaye akilishwa uji kwa kijiko, akiita kila kitu "ba". Evaldo ndiye aliyekuwa akimlisha.

Aliogopa kufa, ndiyo, lakini zaidi aliogopa kile kijiko. Kitufe cha kuita kilikuwa ukutani upande wa kulia, umbali wa mkono tu, mkono usiokuwepo. Mkono wa kushoto ulikuwa hai, ila ulilaliwa na kilo mia moja na kumi za mwenyewe. Vidole tu ndivyo vilivyochungulia chini ya ubavu. Akajaribu kupiga kelele. Ilitoka sauti ya puani, nzito, ya kukwaruza. Akajaribu tena kwa nguvu zote.

Nje ya kilango akamsikia Jaciara akinong'ona, "Dada Ivonete, unasikia anavyokoroma?"

"Akorome, mdogo wangu. Huyu akikoroma, sisi tuna amani."

Wakacheka kwa kujiziba midomo, wakaenda zao. Evaldo alilia. Machozi ya jicho moja tu yaliweza kutoka sawasawa.

Saa nane kasoro, wakiwa karibu na mstari wa ikweta, ndege ikaanza kutikisika. Kengele ililia na alama ya mkanda ikawaka. Siku zote sauti hiyo ilimtoa jasho. Safari hii moyo wake uliruka kwa furaha. Watakuja! Ni lazima waje kukagua mikanda, ndiyo sheria. Ndege ikadondoka, ikapanda, vikombe vikagongana huko jikoni, na yeye akasema moyoni, njooni wanangu, njooni mnione.

Kichwa cha Jaciara kikatokea juu ya ukuta. Mwanga mdogo, mwekundu kwa sababu ya kiganja, ukaangukia tumboni mwake. Ukatua kwenye kifungo. Evaldo alikodoa jicho gizani akimtazama usoni, kwa karibu kabisa, akaona hata hereni yake. Jaciara alitazama kifungo tu.

"Amefunga?" Ivonete aliuliza.

"Amefunga, tena juu kabisa. Kinang'aa."

"Huyo mzoefu, mwache. Unajua ndiye aliyemla Rosilda?"

"Huyu?"

"Huyu huyu. Kurasa tatu, akataja mpaka manukato aliyojipaka. Rosilda na watoto wawili, mume hana. Sasa hivi anauza nguo za ndani nyumba kwa nyumba."

"Loo! Basi mimi hata kupumua nitaenda kupumulia kule nyuma."

Mwanga ukazimika. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kichwa chenyewe kitakuwa macho kikisikiliza. Evaldo alitaka kuwaambia kwamba ile barua aliiandika kwa aibu, si kwa hasira, na kwamba asubuhi angeweza kuandika nyingine. Kinywani mwake kulitoka mate.

Ilibaki njia moja. Mkanda uliomlinda asiamshwe ndio uliokuwa unamzika, basi aufungue. Wakija tena wasiuone, itawabidi wamwamshe kama alivyoamshwa na Rosilda. Akaanza kuvuta vidole vya kushoto kutoka chini ya ubavu. Kazi ya mtu mzima kupitisha vidole vitano juu ya tumbo lake mwenyewe ilimchukua zaidi ya saa nzima. Alipumzika, akavuta, akasinzia kwa kidonge, akazinduka kwa hofu kwamba amesinzia. Kila dakika alimwona baba yake na kile kibakuli. Vidole vikatoka chini ya blanketi, vikafika kwenye chuma. Akanyanyua kifuniko kwa ncha ya kucha, kikamponyoka, akanyanyua tena. Mara ya nne kikaachia, tlak, na ncha mbili za mkanda zikaanguka huku na huku.

Sasa akangoja ndege itikisike. Na ndege, jamani, ikatulia kama meza. Bahari yote ya Atlantiki chini yake na hewa haina hata wimbi. Mtu aliyekuwa akiweka nadhiri kila safari ili hewa itulie sasa alimwomba Bikira Maria wa Aparecida alete dhoruba, na kama dhoruba ni nyingi sana, basi hata mvumo mdogo wa upepo. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Alisikia wenzake wawili wakikoroma kweli, akawachukia kwa usingizi wao. Alianza kuhisi hata mawazo yanakuwa mazito. Alitafuta jina la mjukuu wake wa mwisho akalikosa, na hapo ndipo alipoogopa kuliko usiku wote.

Saa kumi na nusu kengele ikalia.

Mtikisiko ulikuwa mdogo, wa kuvichezesha vijiko tu. Jaciara akaja. Mwanga ukaangukia tumboni, ukatafuta kifungo, ukahangaika kushoto na kulia.

"Dada! Hajafunga," alinong'ona.

"Umeangalia vizuri?"

"Umefunguka. Nimwamshe?"

Evaldo alishikilia pumzi.

"Sikuambii umwamshe, sikuambii usimwamshe," Ivonete alijibu mwishowe. "Mimi nimebakiza miezi minane nistaafu. Na wewe ndiye mwenye upande huo."

"Asante sana kwa msaada."

Akasikia kilango kikisukumwa polepole. Akasikia magoti ya Jaciara yakitua kwenye zulia, harufu ya sabuni ya mikono. Mungu wangu, amekuja. Kisha akahisi mkanda ukisogea. Hakuwa amekuja kumwamsha. Alikuwa amezima tochi na anaokota zile ncha mbili gizani kwa vidole vyepesi, kama mama anayemfunika mtoto mchanga, amfungie bila yeye kujua. Alikuwa hodari. Blanketi halikucheza. Chuma kilikaribia chuma, na kazi yake yote ya usiku ilikuwa inafungwa tena mbele ya macho yake.

Evaldo akarusha vidole. Vikakamata kidole kimoja cha Jaciara.

Jaciara aliganda. Kwanza alidhani ni ule ushenzi wa wazee wenye pesa, ambao kila mhudumu ameuonja. Kisha alifumba macho akingoja kelele. Alizijua zitakavyokuja: wewe binti nilikwambia nini, jina lako nani, nani mkubwa wako. Aliiona barua, aliona nguo za ndani kwenye mfuko, nyumba kwa nyumba. Alingoja.

Kelele hazikuja.

Mtu aliyetukana mto na kahawa na pajama alikuwa ameguswa usiku wa manane akanyamaza kimya. Kidole chake kilikuwa kinabanwa, kinaachiwa, kinabanwa tena. Jaciara akapata hofu nyingine, kubwa kuliko ile ya barua. Akawasha tochi, akaondoa kiganja, akaupiga mwanga mzima usoni mwa mteja.

"Nossa Senhora," alisema, akimwita Bikira Maria, na hakunong'ona.

Taa zote ziliwashwa. Kule nyuma walimpata daktari mmoja, mama wa makamo kutoka Curitiba, aliyekuja bila viatu, nywele zimesimama. Alimshika Evaldo mkono huu na ule, akamfungua jicho, akamwambia atabasamu. Rubani alishaulizwa, uwanja wa karibu ulikuwa visiwa vya Kanari, mwendo wa saa moja. Jaciara alikuwa bado amepiga magoti, kidole chake bado kimekamatwa, akirudia tu, "Nisamehe, Bwana Evaldo, nisamehe nimekuamsha."

"Imeanza saa ngapi?" daktari aliuliza. "Nahitaji saa. Dawa ya kumrudisha ina saa zake, nne na nusu tu, zikipita haipewi. Nani wa mwisho kumwona akiwa mzima?"

"Tumemwangalia usiku kucha," Ivonete alijibu haraka. Alisimama wima, kola imenyooka. "Mpaka saa nane alikuwa amelala vizuri. Alikuwa anakoroma."

Daktari alimgeukia Evaldo. Alitazama ule mto uliolowa hadi upande wa pili, kisha mchirizi wa machozi uliokauka na kuwa chumvi shavuni. "Huku si kukoroma, mama," alisema taratibu. "Mtu huyu yuko macho. Yuko macho muda mrefu. Ina maana hakuna aliyemgusa tangu alipolala? Hata mmoja, hata kumuuliza?"

Jaciara aliangalia zulia.

"Alilala saa tano, akakataza mwenyewe, daktari," Ivonete alisema.

Daktari alitazama saa yake, akahesabu kimyakimya kutoka saa tano, midomo inacheza, akafika alipofika, akaacha kuhesabu. Evaldo aliona midomo ile ikisimama. Alitaka kumwambia saa saba, ilikuwa saa saba, niliamka nikiwa hivi, hesabu kutoka hapo. Alikusanya nguvu zote zilizobaki, akafungua kinywa, na wote watatu wakainama kumsikiliza.

"Ba," alisema.